Kinga ya mdogo wangu imeshuka, au imepotea njia?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Ninakuandikia kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 29, ingawa kwa kweli nusu ya barua hii ni kwa niaba yangu mwenyewe, kwa sababu nahofia kwamba nimemdhuru kwa nia njema.

Miezi mitano iliyopita aliamka na maumivu nyuma ya jicho la kulia, maumivu yaliyozidi kila alipolizungusha jicho hilo. Baada ya siku mbili uoni wake upande huo ukafifia kana kwamba kuna ukungu. Nakumbuka alivyokaa kitandani ameshika taulo jekundu, akiziba jicho moja kisha jingine, akaniambia kwamba kwa jicho la kushoto taulo lilikuwa jekundu kama kawaida, lakini kwa jicho la kulia lilikuwa limepauka kama nguo iliyoachwa juani mwaka mzima. Hapo ndipo aliponieleza pia kwamba mwaka uliotangulia miguu yake ilikufa ganzi kwa majuma matatu, na kwamba mara nyingine akiinamisha shingo kufunga kamba za viatu huhisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni. Hakumwambia mtu, kwa kuwa ile ganzi ilikwisha yenyewe.

Alipigwa picha za MRI, akatolewa maji ya uti wa mgongo, na daktari wa mishipa ya fahamu akatueleza kwamba ana ugonjwa wa maltipo skilerosisi, ule unaofupishwa kuwa MS. Alisema seli za kinga za mwili wake zinazishambulia seli za ubongo zinazotengeneza mayelini, utando unaozivika nyuzi za neva. Alitundikiwa dripu ya steroidi kwa siku tatu, na baada ya wiki sita uoni ulirudi karibu wote.

Tatizo lilianzia hapo. Mama yetu alilisikia neno "kinga" akahitimisha kwamba kinga ya binti yake imeshuka. Mimi ndiye niliyekwenda kununua makopo mawili ya unga wa kuongeza kinga pamoja na vidonge, na amevitumia kwa miezi mitatu. Sasa daktari anataka aanze dawa ya muda mrefu ya kuituliza kinga. Shemeji yangu anauliza: mtu anaona vizuri, anakwenda kazini, iweje ashushwe kinga kwa makusudi? Mama naye anasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba dawa hiyo ndiyo itakayommaliza. Mdogo wangu ameahirisha miadi mara mbili. Juzi alioga maji ya moto, jicho likafifia tena kwa muda wa kama dakika ishirini, na sote tukaamini kwamba ugonjwa umerudi.

Naomba unieleze inakuwaje mwili ujishambulie wenyewe. Je, unga ule umemdhuru? Kama jicho limepona, si ina maana mayelini imerudi? Na akijaliwa mtoto, atamrithisha ugonjwa huu?

Kaka mkubwa

*

Kaka yangu,

Nitaanza na lile linalohitaji kufanyika sasa, kisha nitakueleza sababu zake kwa kirefu, kwa maana naona familia yenu haikosi upendo, inakosa maelezo. Kinga ya mdogo wako haijashuka. Ina nguvu, imeamshwa, na imeelekea mahali isipopaswa kwenda. Kwa hiyo dawa anayoandikiwa haikusudiwi kumnyang'anya ulinzi wake, bali kuizuia ile sehemu ya ulinzi iliyokosea isiendelee kumjeruhi. Aache unga na vidonge hivyo, aende navyo kliniki vikiwa ndani ya makopo yake ili daktari asome kilichomo, na miadi hiyo isiahirishwe kwa mara ya tatu.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ujumbe husafiri kama umeme hafifu kwenye nyuzi ndefu na nyembamba za neva. Nyingi kati ya nyuzi hizo zimeviringishiwa mayelini, utando mweupe ambao ukikaushwa, takriban asilimia 70 ya uzito wake huwa ni mafuta na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Utando huo hauufuniki uzi mzima bila kukatika. Umegawanyika vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna pengo dogo sana ambalo uzi huachwa wazi, na umeme huruka kutoka pengo moja hadi jingine badala ya kutambaa hatua kwa hatua. Ndiyo maana baadhi ya nyuzi zilizovikwa mayelini hupitisha ujumbe kwa kasi inayofikia mita 100 kwa sekunde, huku nyuzi nyembamba zisizovikwa zikienda mita moja au mbili tu kwa muda huohuo.

Wengi huifananisha mayelini na ganda la plastiki la waya wa umeme. Mfano huo unasaidia, lakini una kasoro inayogusa maswali yako moja kwa moja, kwa kuwa ganda la waya halina uhai, ilhali mayelini ni sehemu ya mwili wa seli iliyo hai. Seli hiyo huitwa oligodendrosaiti. Aliyeieleza na kuipa jina ni mtafiti wa Hispania, Pío del Río Hortega, mwaka 1921, na jina lenyewe linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli yenye matawi machache kama ya mti. Kila tawi likifika kwenye uzi wa neva hujitandaza na kuuzunguka tabaka juu ya tabaka, hadi mduara unakuwa mnene na kubana. Oligodendrosaiti moja inaweza kutengeneza vipande 40 au zaidi vya mayelini kwenye nyuzi mbalimbali, tena si kuzivika tu, bali pia huzipatia nyuzi hizo sehemu ya nishati zinayoihitaji. Tazama basi hasara inayopatikana seli moja ikifa: vipande vingi huachwa bila mwenyewe kwa mara moja, na nyuzi zilizokuwa zikitegemea chakula chake hubaki wazi na zenye njaa. Isitoshe, ni seli nyepesi kudhurika, kwa kuwa kazi ya kutengeneza mafuta yote hayo ni nzito, ina madini mengi ya chuma ndani yake, na akiba yake ya kujikinga na kemikali kali ni ndogo.

Jambo hili pia linaeleza kwa nini jicho lilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha dalili. Neva inayotoka kwenye jicho kwa asili yake ni sehemu ya ubongo iliyojitokeza nje, na mayelini yake hutengenezwa na oligodendrosaiti. Neva za mikononi na miguuni, zikishatoka kwenye uti wa mgongo, huvikwa na seli za aina nyingine, ambazo ugonjwa huu kwa kawaida hauzilengi. Hivyo ganzi ya miguu aliyoipata mwaka jana haikuanzia miguuni. Ilianzia kwenye njia inayopita ndani ya uti wa mgongo, na ule mshtuko wa shingoni ni ishara ileile, kwa sababu kuinamisha shingo huuvuta kidogo uti wa mgongo, na nyuzi zilizopoteza mayelini husisimka kwa kuvutwa tu.

Sasa niwaeleze washambuliaji. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu kuna kundi liitwalo seli T. Kila seli T huzaliwa na kifaa chake cha kutambua umbo fulani dogo la protini, na kwa kuwa maumbo hayo hupangwa kwa bahati nasibu, haiepukiki kwamba baadhi ya seli hizo huzaliwa zikitambua protini za mwili wenyewe. Katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, seli changa hujaribiwa, na zile zinazozing'ang'ania protini za mwili huuawa kabla ya kutoka. Mchujo huo ni mzuri ila haukamiliki. Mimi na wewe, kaka yangu, inaelekea sote tuna seli T chache zinazoweza kuitambua mayelini, na bado tunaishi maisha yetu, kwa sababu seli hizo zimelala na zinalindwa na seli T nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza. Kwa mtu mwenye MS, seli hizo zimeamshwa.

Nini kiliziamsha? Ushahidi wenye nguvu kuliko wote hadi sasa unakielekea kirusi cha Epstein-Barr, ambacho zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wamewahi kukipata, wengi wao bila kujua. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wanajeshi zaidi ya milioni 10, ambamo 955 walikuja kupata MS, wakapima damu iliyohifadhiwa ya baadhi yao, wakaona kwamba hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hicho. Mwaka huohuo kundi jingine lilionyesha kwamba baadhi ya kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa adui, zinazokitambua kipande cha protini ya kirusi hicho huitambua pia protini iliyo kwenye seli za ubongo, kwa kuwa vipande hivyo viwili vinafanana. Ni kama mlinzi aliyeonyeshwa picha ya mwizi, kisha akamkamata mwenye nyumba kwa kuwa sura zinashabihiana. Hata hivyo, kirusi peke yake hakitoshi, maana tungeugua karibu sote. Huongezeka juu yake urithi wa vinasaba fulani vya kinga, upungufu wa vitamini D, uvutaji wa sigara, na unene uliopita kiasi katika umri wa ujana. Wanawake nao huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mama, shemeji au wewe mlimfanyia.

Seli T iliyoamshwa husafiri katika damu hadi kwenye mishipa midogo ya ubongo. Hapo kwa kawaida hukuta ukuta uliobana sana, unaochuja karibu kila kitu. Lakini seli iliyoamshwa ina mkono wa protini juu ya ngozi yake, na ukuta wa mshipa uliovimba una mahali pa kuushika mkono huo. Tuitazame kwa karibu: seli inabingirika juu ya ukuta, inapunguza mwendo, inanasa, inajibana kuwa bapa, na inapenya hadi ng'ambo. Baada ya ukuta hukutana na seli nyingine ambazo huwa zimebeba vipande vya mayelini na kuvionyesha kama anavyoonyeshwa askari kielelezo. Seli T ikivitambua, huamka kwa mara ya pili, na safari hii kwa nguvu zaidi. Humwaga kemikali za kuwasiliana ziitwazo saitokaini, ambazo huulegeza ukuta wa mshipa na kuwaita wengine, kisha wengine hao huja kwa wingi.

Wanaofika wana silaha tofauti. Kuna seli T za kuua, ambazo hugusana na seli inayolengwa, huitoboa, na kuisukumia vimeng'enya vinavyoiamuru ife. Seli B, kundi jingine la chembe nyeupe za damu, huja zikaonyesha vielelezo zaidi na kutoa kingamwili, na ndizo huacha alama inayoonekana katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wengi wa MS. Makrofaji, pamoja na maikroglia ambazo ni walinzi wakazi wa ubongo, huibandua mayelini kutoka kwenye uzi na kuimeza. Ukiangalia kidonda kipya kwa darubini utaziona zimejaa matone ya mafuta yaliyokuwa utando. Zikishaondoka, astrosaiti, seli za kuuegemeza ubongo, huacha kovu gumu. Mfaransa Jean-Martin Charcot alipounganisha makovu hayo na dalili za wagonjwa wake mwaka 1868, aliuita ugonjwa huo kwa maana ya ugumu wa madoa madoa, na maana hiyo imebaki katika jina tunalotumia leo.

Sitaki uamini kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Mwaka 2004 Michael Barnett na John Prineas, waliokuwa wakifanya kazi nchini Australia, walieleza vidonda vichanga sana ambamo oligodendrosaiti zilikuwa zinakufa ilhali seli T zilikuwa chache mno, na tangu hapo wapo wanaouliza kama kwa baadhi ya wagonjwa seli hizo hudhurika kwanza na kinga huja baadaye kuzoa mabaki. Kwa maoni yangu swali hilo ni la haki, lakini halibadilishi ushauri wangu kwako, kwa sababu dawa zinazoizuia kinga zimeonekana waziwazi kupunguza mashambulio, bila kujali nani alitangulia.

Hapa ndipo nataka mama asomewe polepole. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambamo wagonjwa 18 wa MS walipewa interferoni gama, ambayo ni mojawapo ya kemikali zilezile ambazo seli T hutumia kuchochea kinga. Wakati huo walikuwa na sababu za kutumaini kwamba ingesaidia. Wagonjwa 7 kati ya hao 18 walipata mashambulio wakiwa kwenye matibabu, na jaribio likaachwa. Kinga ilichochewa, ugonjwa ukachachamaa. Baadaye dawa ya jina linalokaribiana, interferoni beta, ambayo badala ya kuchochea huituliza kinga hiyo, ikawa mwaka 1993 dawa ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya kupunguza mashambulio ya MS.

Je, unga wako umemdhuru? Unga wa dukani hauna nguvu ya interferoni gama, na kwa mujibu wa barua yako jicho lilipona na hakuna dalili mpya iliyodumu katika miezi hiyo mitatu, hivyo sioni sababu ya wewe kujihukumu. Wasiwasi wangu ni wa aina nyingine. Bidhaa za namna hiyo mara nyingi zina mchanganyiko wa mimea na madini ambao hauelezwi vizuri kwenye kopo, baadhi ya mimea huliumiza ini, na dawa kadhaa za MS huhitaji ini lililo salama na vipimo vyake vya mara kwa mara. Zaidi ya hayo, makopo yale yalimpa kila mtu nyumbani hisia kwamba matibabu yameanza, na miezi mitatu ikapita. Vitamini D ni jambo la kuzungumza na daktari kwa kipimo cha damu, si kwa kukisia.

Shemeji yako ameuliza swali la maana, nami nalijibu kwa heshima. Jicho kupona hakumaanishi kwamba mayelini yote imerudi. Uoni hurudi kwa njia tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza uvimbe unaoibana neva hupungua, na steroidi huharakisha hatua hiyo, ingawa haibadilishi sana jinsi jicho litakavyokuwa mwishoni. Pili, uzi uliobaki uchi hujipanga upya, ukisambaza milango yake ya kupitisha sodiamu, chembe zinazobeba umeme wa neva, kwenye sehemu iliyo wazi ili umeme upite japo polepole. Tatu, na hii ndiyo inayonifurahisha kila ninapoielezea, ubongo una akiba ya seli changa zilizotawanyika kila mahali, zenye uwezo wa kuhamia kwenye kidonda, kukomaa kuwa oligodendrosaiti, na kuvika uzi upya. Utando mpya huwa mwembamba na vipande vyake vifupi kuliko vya awali, lakini hufanya kazi. Shida ni kwamba ukarabati huo haukamiliki kila mara, hupungua nguvu umri unavyoongezeka, na uzi uliokaa uchi muda mrefu unaweza kukatika kabisa. Uzi uliokatika ndani ya ubongo hauoti tena.

Kuna na jambo ambalo mtu hawezi kulihisi. Picha za MRI za wagonjwa waliofuatiliwa kwa muda zimeonyesha kwamba madoa mapya hujitokeza mara kadhaa zaidi ya mashambulio yanayohisiwa, kwa kuwa mengi huangukia sehemu za ubongo zisizotoa dalili ya mara moja. Mdogo wako anajisikia vizuri, naye hadanganyi. Lakini kujisikia vizuri hakutuelezi kinachotendeka ndani. Ndiyo maana madaktari hupenda dawa ianze mapema, wakati nyuzi zingali nzima na akiba ya ukarabati ingali nyingi, wala si pale mtu anapoanza kushika kuta akitembea.

Dawa zenyewe hutofautiana kwa mahali zinapomzuia mshambuliaji. Natalizumabu huufunika ule mkono ambao seli hutumia kushika ukuta wa mshipa, ili seli zipite na damu bila kuingia ubongoni. Iliidhinishwa mwaka 2004, ikaondolewa sokoni mwaka 2005 baada ya wagonjwa wachache kupata maambukizi mabaya ya ubongo yanayosababishwa na kirusi cha JC, kisha ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti na ufuatiliaji. Naitaja kwa sababu hofu ya mama yako ina msingi hapa: ukiwazuia walinzi wote wasiingie ubongoni, adui wa kweli anaweza kupata nafasi. Leo mgonjwa hupimwa damu kuona kama amewahi kukutana na kirusi hicho, na hatari yake hukadiriwa kabla ya kuchagua. Fingolimodi huzifungia seli kwenye tezi limfu. Okrelizumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2017, huziondoa seli B, na mafanikio yake yaliwafundisha wanasayansi jambo ambalo wengi hawakulitarajia: seli zinazotengeneza kingamwili kwa wingi hubaki, kwa kuwa dawa haizigusi, na bado mashambulio hupungua sana, ishara kwamba ubaya mkubwa wa seli B ulikuwa katika kuzionyesha seli T vielelezo na kuzichochea. Hakuna dawa kati ya hizi inayoacha mwili bila kinga kabisa. Kila moja huacha pengo la aina yake, na kazi ya daktari ni kulijua pengo hilo na kulilinda kwa vipimo na chanjo. Chanjo zinazohitajika ni bora zitolewe kabla ya dawa kuanza, na zile zenye virusi hai vilivyopunguzwa nguvu haziruhusiwi pamoja na dawa nyingi za aina hii.

Kwa kuwa ugonjwa wake ulionekana waziwazi kupitia jicho, kuna swali moja ambalo ningemwomba alipeleke kliniki: je, alipimwa damu kutafuta kingamwili dhidi ya akwaporini-4, protini iliyo kwenye astrosaiti, na dhidi ya protini ya mayelini iitwayo MOG? Yapo magonjwa yanayofanana na MS kwa sura lakini yana walengwa wengine. Katika moja wapo, kingamwili huzishambulia astrosaiti, na oligodendrosaiti hufa kama majeruhi wa pembeni. Kingamwili hiyo ilitambuliwa mwaka 2004, na tofauti hiyo si ya kitaalamu tu, kwani baadhi ya dawa za MS huuzidisha ugonjwa huo mwingine. Picha za MRI na maji ya uti wa mgongo huenda vimekwisha kumpa daktari jibu, lakini kuuliza si kosa.

Kuhusu mtoto, mzazi mmoja akiwa na MS, uwezekano wa mtoto kuugua maishani ni takriban 2 kati ya 100, ukiwa mkubwa kuliko wa watu wengine lakini ukiacha karibu watoto wote salama. Hata kwa mapacha wa kufanana, ambao wana vinasaba vilevile, mmoja akiugua, mwingine huugua mara moja hivi kati ya nne. Ujauzito haumdhuru mama mwenye MS kama ilivyodhaniwa zamani. Utafiti wa wanawake 254 barani Ulaya, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba mashambulio hupungua hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Kinachohitajika ni mdogo wako amwambie daktari kabla dawa haijachaguliwa kwamba anatamani kuzaa, kwa kuwa baadhi ya dawa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni na nyingine hupangiliwa ili zitangulie mimba kwa miezi kadhaa.

Limebaki lile la maji ya moto. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza jambo la aina hii mwaka 1890. Leo tunajua kwamba mwili ukipata joto, uzi wa neva uliopungukiwa mayelini, ambao tayari unapitisha ujumbe kwa taabu, hushindwa kwa muda, na mwili ukipoa huendelea kama kawaida. Dakika ishirini za ukungu baada ya kuoga si shambulio jipya, wala hakuna kilichoungua. Shambulio huhesabiwa pale dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inapodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi mengine, kwa hiyo akipata hali hiyo apige simu kliniki siku hiyohiyo. Aoge maji ya vuguvugu. Jioni hii mkae naye, mwandike kwenye karatasi moja, kwa tarehe kadiri anavyokumbuka, ile ganzi ya miguu, mshtuko wa shingoni, jicho, na hili la bafuni, ili ampe daktari. Maana ile ganzi ya majuma matatu ambayo hakumwambia mtu huenda ndiyo iliyokuwa shambulio lake la kwanza.